Diski gofu msituni: maswali mnayoniuliza kila Jumamosi

Kila Jumamosi nikienda uwanjani kuna mgeni, mara kaka katoka Lowell, mara dada kaja kusoma hapa Worcester, na maswali ni yaleyale. Napenda sana kuyajibu ila sauti inakauka hata hatujafika shimo la tatu, basi nimeyaandika yote hapa. Naongelea misitu ya huku Massachusetts maana ndiyo ninayocheza, ukiwa kwingine sheria ni zilezile, miti tu ndiyo tofauti.

## Ya mwanzo kabisa

Huu mchezo ni nini hasa?

Ni gofu, ila badala ya fimbo na mpira unarusha diski, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma juu ya nguzo, chenye minyororo inayoning'inia. Unaanzia kwenye tii, ambayo mara nyingi ni kipande cha zege au zulia la mpira, unarusha, unaifuata diski ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapohapo mpaka itulie kikapuni. Anayemaliza na mirusho michache ndiye mshindi. Shimo bado tunaliita shimo ingawa hakuna shimo lolote.

Kile kikapu cha minyororo alikibuni Ed Headrick huko California, na uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa Oak Grove Park mwaka 1975. Mzee alifariki 2002 na majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki ya diski, yaani aliupenda mchezo hadi mwisho.

Kwa nini tucheze msituni wakati kwenye nyasi wazi ni rahisi?

Uwanja wa wazi unampa raha mwenye mkono mrefu. Msituni mtu wa mita 60 anayerusha mahali alipokusudia anamfunga mtu wa mita 120 asiyejua diski yake inaelekea wapi, na nimeliona hilo mara nyingi sana, mama mmoja wa makamo kwenye kundi letu anatufunga wote na hajawahi kufika hata mita 70. Halafu kuna kile kivuli, harufu ya misonobari, na sauti ya minyororo ikilia kwa mbali huoni nani karusha. Mimi nikiwa na wiki mbaya kazini ndiko ninakokimbilia.

Nianze na diski ngapi?

Mbili, zikizidi tatu. Diski ya kutumbukizia na diski ya kati, basi. Kuna Aviar ya Innova kwa kutumbukizia na Buzzz ya Discraft kwa kati, ziko kila mahali na watu wamezicheza miaka na miaka. Ukitaka ya tatu chukua draiva, yaani diski ya kurushia mbali, ila ya polepole kama Leopard. Bei ni kama dola 10 hadi 20 kwa moja kutegemea plastiki.

Usinunue draiva ya kasi 12 au 13 eti kwa sababu jamaa kwenye video anatupa nayo mita 150. Diski hizo zinahitaji mkono wenye kasi kubwa, bila hiyo kasi zinakata kushoto mapema na kuingia porini, na msituni hata ungekuwa na huo mkono nafasi ya kuutumia ni mashimo mawili matatu tu.

Zile namba nne kwenye diski zina maana gani?

Ya kwanza ni kasi, ya pili ni kuelea, ya tatu ni kugeuka ikiwa bado na mwendo, ya nne ni kukunja inapoishiwa mwendo. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kurusha bekihendi, yaani mgongo wa mkono ukitangulia, kugeuka ni kwenda kulia na kukunja ni kwenda kushoto, mtu wa kushoto ageuze. Buzzz imeandikwa 5, 4, -1, 1, maana yake inageuka kidogo, inarudi kidogo, kwa jumla inakwenda karibu mstari mnyoofu. Roc ni 4, 4, 0, 3, hiyo mwishoni inalala kushoto kabisa.

Msituni angalia zaidi namba mbili za mwisho, zikikaribia sifuri ndiyo raha yako.

Ni lazima kulipa?

Viwanja vingi kwenye bustani za umma ni bure, unaingia tu unacheza. Vingine vya watu binafsi unalipa kwa siku. Maple Hill iliyopo Leicester, jirani kabisa na Worcester, ni ya kulipia, ni shamba la miti ya Krismasi lenye msitu na mabwawa, na mwezi wa 9 wanacheza pale wakali wa dunia kwenye mashindano ya MVP Open. Ile tii ya kwanza inarusha juu ya maji, kwa hiyo mgeni usianze nayo. Borderland State Park kule Easton ni msitu wa mawe makubwa, pazuri mno ila miguu itauma. Ukipata uwanja wenye tii za rangi tofauti chagua zile fupi bila aibu yoyote.

## Kurusha katikati ya miti

Kila nikirusha napiga mti wa kwanza. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali namba moja na jibu lake ndilo roho ya ukurasa huu. Karibu kila mtu ninayemuona akipiga mti wa kwanza alikuwa anauangalia ule mti, au anaangalia kikapu. Vyote viwili ni kosa. Angalia upenyo, ile nafasi tupu kati ya miti, tena chagua kitu kimoja ndani yake, jani, doa la mwanga kwenye gome la mti wa nyuma, chochote, na macho yasitoke hapo mpaka diski iondoke mkononi.

La pili ni nguvu. Mtu akisimama kwenye tii anavuta kama anataka kung'oa bega, na mkono ukivutwa kwa nguvu zote diski inatoka mapema au inachelewa. Rusha kwa asilimia 60 au 70 ya nguvu zako. Kwa wengi wetu diski inafika karibu palepale kwa sababu inatoka safi bila kutetemeka. Mimi mwenyewe ilinichukua msimu mzima kulikubali hili, nilikuwa nahisi nikipunguza nguvu nimejinyima, mpaka siku bega lilikuwa linauma nikacheza polepole kwa kulazimika na nikapata matokeo bora kuliko siku zote za mwaka ule.

Penyo ziko tatu nne, nichague ipi?

Chukua hesabu kidogo, haiumi. Diski ikitoka na kosa la digrii 5, ikifika mita 10 imeacha mstari kwa kama sentimita 90. Ikifika mita 60 imeacha kwa mita 5 na zaidi. Upenyo wa mita 2 ulio mita 10 mbele yako unakusamehe kosa la karibu digrii 6 kila upande, upenyo uleule ukiwa mita 30 unakusamehe chini ya digrii 2. Na hakuna kati yetu anayerusha ndani ya digrii 2 kila mara, hata aseme nini.

Kwa hiyo usichague upenyo kwa sababu unaelekea kikapuni, chagua ule ambao kwako ni mpana ukiuangalia kutoka tii, halafu jiulize ukishapita hapo diski itatua wapi. Kama kuna upenyo wa pili mbali na ni mwembamba, rusha fupi utue kabla yake, uupite kwa mrusho wa pili ukiwa umeusogelea. Mirusho mitatu iliyotulia inamshinda mtu anayelazimisha miwili akaishia kupiga mitano.

Nimeshaingia porini, miti kila upande. Sasa?

Toka. Ukitoka kwa kurudi nyuma, toka kwa kurudi nyuma. Ukitoka kwa pembeni mita 8 tu, sawa. Najua kikapu unakiona pale kati ya majani na moyo unasema inapita, na kweli mara moja kwa kumi inapita, hizo tisa nyingine inagonga mti na kurudi nyuma yako au inaingia ndani zaidi. Mirusho saba nane kwenye shimo moja huwa inaanzia hapo, ile ya kwanza ya bahati mbaya ilikuwa moja tu, nyingine zote ni za kulazimisha.

Kabla hujarusha zunguka, piga goti uangalie chini ya matawi. Ukipiga goti mara nyingi njia ipo, maana matawi ya chini ya misonobari huwa yamekauka na kuna uwazi chini yake usiouona ukiwa umesimama. Kurusha umepiga goti ni halali.

Fohendi ni lazima?

Fohendi ni kurusha kiganja kikitangulia. Si lazima siku ya kwanza, ila msituni utaihitaji. Bekihendi ya mkono wa kulia inamalizia kushoto, fohendi inamalizia kulia, ukiwa na moja tu nusu ya kona za msitu zimefungwa kwako. Kingine ni kwamba fohendi unarusha ukiwa unatazama mbele na inahitaji nafasi ndogo, hata mguu mmoja ukiwa umenyooshwa kando ya mti unaweza. Anza na mita 20, mkunjo wa kifundo cha mkono, kiwiko karibu na mbavu, usitumie bega.

Na matawi ya juu?

Hilo watu husahau. Msitu una kuta na una dari pia. Diski inayopanda sana inagonga tawi na kuanguka kama jiwe. Ikiwa dari ni fupi inamisha pua ya diski kidogo, rusha kwa urefu wa kifua, na tumia diski isiyotaka kupanda ili ielee. Kupitisha juu ya miti kwa mtindo wa mkono wa shoka kupo pia, ila uharibifu wa bega ni wa haraka, usiufanye mara kwa mara kama hujapasha misuli.

Mti umekaa mbele yangu na kikapu kipo mita 5. Natumbukizaje?

Panua miguu, mguu mmoja ubaki nyuma ya alama yako na mwingine utanue pembeni mpaka uone minyororo, mradi hakuna sehemu ya mwili inayogusa chini mbele ya alama. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni lazima ubaki umetulia baada ya kurusha, huruhusiwi kuanguka mbele. Jizoeze nyumbani kwa mguu mmoja mmoja, uwanjani utashukuru.

## Sheria zinazoleta ubishi

Alama yangu inakaa wapi hasa?

Unaweka kisahani kidogo mbele ya diski yako upande wa kikapu, unaokota diski, na sehemu yako ya kusimama ni kipande cha sentimita 20 kwa 30 nyuma ya kisahani hicho. Ukitaka unaiacha diski yenyewe ilipo unasimama nyuma yake. Wakati wa kurusha lazima kiungo kimoja kiguse kile kipande. Kama kuna mti au jiwe kubwa palepale na huwezi kusimama, unarudi nyuma ya kizuizi kwenye mstari uleule wa kutoka kikapuni, bila adhabu.

Naruhusiwa kuvunja tawi linalonisumbua?

Hapana, na hapa sicheki na mtu. Kilichoota kimeota. Simama kwa namna inayosogeza majani kidogo iwezekanavyo, ukishasimama usishike tawi wala kulikanyaga ili mkono upite. Mkono ukigusa majani ukiwa kwenye mwendo wa kurusha, hiyo haina tatizo. Vijiti vikavu, majani na mawe madogo vilivyolala pale unapoweka mguu unaviondoa, vya mbele kuelekea kikapuni unaviacha.

Kwenye uwanja mmoja nilikuta mtu amekata mche mzima kwa kisu ili apate upenyo. Ule mche ndio ungekuwa kivuli cha watoto wetu, tena viwanja vingi tunacheza kwa ruhusa ya wenye ardhi, ruhusa hiyo inaondoka kwa mambo kama haya.

Diski imenasa juu ya mti. Kuna adhabu?

Kwa kawaida hakuna, unaweka alama chini yake moja kwa moja na kuendelea. Kuna sheria ya mita 2 inayotoa adhabu ya mrusho mmoja ikinasa juu zaidi ya hapo, lakini inatumika tu kama mwendesha mashindano ametangaza. Kuiteremsha ni kwa kurusha kijiti, si kwa kurusha diski nyingine, utapoteza mbili.

Nimeipoteza kabisa. Napiga kutoka wapi?

Mnatafuta dakika 3 na kundi zima linasaidia. Ikikosekana unaongeza mrusho mmoja wa adhabu na kurudi uliporushia mwanzo, kwa hiyo ikipotea kutoka tii unarusha wako wa tatu. Katika mechi ya kirafiki sisi tunakubaliana kushusha pale ilipoonekana mwisho, kwa mrusho mmoja huohuo, ili wa nyuma yetu wasisubiri. Kuzuia isipotee nimeeleza sehemu inayofuata.

Mando ni nini?

Ni mti au nguzo yenye mshale, na diski yako lazima ipite upande unaoonyeshwa. Ukiukosa ni mrusho mmoja wa adhabu na unarusha kutoka sehemu iliyotengwa kwa ajili hiyo, kama haipo unarudi uliporushia. Mara nyingi imewekwa kulinda watu wa tii ya jirani, kwa hiyo iheshimu hata mkiwa mnacheza wawili tu.

Nyigu wamejenga palepale ilipo diski. Ujasiri au adhabu?

Wala si ujasiri wala si adhabu. Wadudu na wanyama wa hatari wanakupa haki ya kurudi nyuma kwenye mstari wa kikapu mpaka mahali salama. Maji ya mvua yaliyotuama nayo hivyohivyo.

## Diski zinazopotea

Rangi gani nzuri?

Pinki kali, mwaka mzima. Kijani usinunue hata ukipewa bei ya chini. Njano, machungwa na nyekundu ni nzuri wakati wa joto ila ikifika mwezi wa 10 majani yote ya huku yanageuka rangi hizohizo na diski inalala chini ya majani hutaiona hata ukiikanyaga. Kipindi hicho tunatumia pinki au buluu na mtu mmoja anatangulia mbele kuangalia inapoangukia.

Kuna mbinu ya kutafuta?

Usiondoe macho kwenye diski mpaka isimame, usigeuke kulalamika. Ikizama chagua mti ulio karibu na ilipozamia, tembea moja kwa moja kuelekea mti huo. Sikiliza pia, diski ikigonga mti mara mbili huwa imerudi upande wetu, na wengi hutafuta mbali sana kuliko ilipo. Ndani ya msitu tembeeni kwa mstari kama watu wanaopalilia, kila mtu na tuta lake.

Andika jina na namba ya simu nyuma ya diski. Huku mtu akiokota anakutumia ujumbe, mimi nimerudishiwa nyingi tu, na wewe ukiokota yenye namba mpigie mwenyewe.

## Mwili na hali ya hewa

Naogopa kupe. Ni kweli wana ugonjwa?

Kweli. Huku kuna kupe wadogo wenye miguu myeusi wanaobeba ugonjwa wa Lyme, na wachanga wao ni wadogo kama mbegu ya mpopi. Habari njema ni kwamba kwa kawaida lazima awe amekung'ata zaidi ya saa 24 ndipo akuambukize, kwa hiyo kujikagua siku hiyohiyo kunakuokoa. Soksi ndefu juu ya suruali, dawa ya kunyunyizia nguo yenye permethrin, na ukifika nyumbani oga, angalia nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kichwani kwa watoto. Ukimkuta mchomoe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, usimchome na kiberiti kama ng'ombe wa babu. Ukiona duara jekundu au homa wiki chache baadaye nenda hospitali na uwaambie uling'atwa.

Huo mmea wa majani matatu ndio upupu?

Si upupu ila fikiria ndugu yake mbaya. Upupu unawasha papo hapo na unajua umegusa. Huu wa huku, unaoitwa poison ivy, una mafuta yanayoganda kwenye ngozi, na vipele vinakuja baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo hujui ulipoupata. Mafuta yale yanabaki kwenye diski na mkoba pia. Diski ikitua humo iokote kwa jani kubwa au kitambaa, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni na maji mengi, na diski nazo.

Mnacheza hata kwenye theluji?

Tunacheza, na msitu bila majani unaonekana kama uwanja mwingine, penyo zimefunguka zote. Gundisha utepe mrefu chini ya diski kwa selotepu, diski ikizama kwenye theluji utepe unabaki juu. Plastiki inakuwa ngumu na vidole vinakufa ganzi, basi beba mbili na uiweke moja ndani ya koti. Zege la tii likiwa na barafu usikimbie, rusha umesimama.

## Mengineyo

Watu wanatembea na mbwa kwenye njia yetu. Nani ana haki?

Wao. Subiri wapite, wasalimie. Kona usiyoiona mtume mtu mbele. Diski ikielekea kwa mtu piga kelele "foo!" kwa sauti ya kutoka tumboni, hiyo inaeleweka na wote huku.

Naweza kuja na watoto?

Njoo nao. Wape diski nyepesi, za gramu 150 au chini, na tii yao iwe nusu ya njia. Wakae nyuma ya anayerusha siku zote, msituni diski inaweza kugonga mti na kurudi ilikotoka.

Tuko sita na nyuma kuna wawili wanasubiri.

Waruhusuni wapite. Simameni pembeni ya tii inayofuata, dakika tano tu zinaisha. Sita ni wengi msituni, gawaneni watatu watatu.

Tumepotea, hatuoni tii inayofuata.

Angalia kikapu mlichomaliza, mara nyingi kuna mshale au bolti chini ya kibao cha namba unaoelekeza tii ya mbele. Ramani ya programu ya UDisc kwenye simu inasaidia, ipakue nyumbani maana kuna misitu isiyo na mtandao.

Giza limetukuta shimo la 14. Tunamaliza au tunatoka?

Tokeni. Kuanzia mwezi wa 11 jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na ndani ya miti giza linatangulia nusu saa. Rudini kwa njia mliyojia, msikate porini kutafuta mkato, mizizi na mawe vinavunja kifundo cha mguu. Taa ya kichwani ikae kwenye mkoba mwaka mzima. Mashimo manne yaliyobaki tutayaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, pale kwenye maegesho.